Kipindue Kwanza: Namna ya Kuijua Kazi Nzuri ya Cherehani

Mkoba wa sokoni hufia kwenye vishikio. Foronya ya mto wa kochi hufia kwenye mdomo, aproni kwenye pembe za mfuko, pochi kwenye ncha za zipu, na kitambaa cha kuepulia sufuria hufia pale kinapogusa moto. Anayetaka kujua kama kitu kimeshonwa vizuri aanzie hapo, mahali kitakapoachia kwanza, aangalie fundi amepafanyia nini. Maua ya kitenge yatakuvuta macho, na muuzaji analijua hilo, ndiyo maana bidhaa zake huzitandaza uso juu. Wewe zipindue.

Vitu hivi ni vidogo, na ndivyo anavyoanza navyo mwanafunzi wa cherehani, maana mishono yake ni michache na karibu yote imenyooka. Lakini wepesi huohuo ndio unaofanya kazi ilipuliwe. Gauni likikaa vibaya mwenyewe atalirudisha siku hiyohiyo, kwa sababu kioo kimemwambia. Mkoba uliolipuliwa haukwambii kitu dukani. Utaondoka nao, utaupenda, na siku utakapotia viazi na nazi ndipo utakapopata habari zake.

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa kitambaa umerudi mikononi mwa kila mtu. Tatizo ni kwamba mingi inayouzwa kwa jina la mifuko mbadala si kitambaa kilichofumwa. Ni nyuzi za polipropilini zilizobanwa zikashikana kwa joto. Utaitambua kwa vidoa vidogo vya mashine vilivyojipanga uso mzima, na ukiikata kwa mkasi ukingo wake hauchambuki uzi. Ni plastiki ileile kwa sura nyingine, jua likiipiga muda mrefu hupukutika. Siilaumu kwa bei yake. Ila isikae meza moja na mkoba wa kitenge ikapimwa kwa mizani ileile.

Tuanze na kitambaa, kwa kuwa mshono mzuri juu ya kitambaa kibovu ni hasara ya uzi. Kwa kazi hizi watu wa huku hushika vitambaa vitatu: kikoi, kanga na kitenge. Kikoi rangi yake huingia kwenye uzi kabla ya kufumwa, kwa hiyo hakina uso wala mgongo, na hufaa popote pande mbili zitakapoonekana. Kanga ni pamba nyepesi. Ikiwa mpya huwa imekakamaa kwa wanga wa kiwandani, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza ndipo unapouona wembamba wake halisi. Hufaa foronya na aproni. Mkoba wa kanga tupu usio na bitana ni wa kuning'iniza ukutani.

Kitenge ndicho chenye mitego, maana jina hilo moja hubeba pamba nzito ya nta na hubeba pia poliesta nyembamba inayoteleza mkononi. Kitenge cha nta ni uigaji wa batiki za Java uliofanywa na viwanda vya Uholanzi katika karne ya 19. Kimojawapo, Vlisco cha mji wa Helmond, kipo tangu 1846. Nta huwekwa pande zote mbili, kwa hiyo rangi hulingana mbele na nyuma, na utaona vijistari vya rangi vilivyopita ovyo pale nta ilipopasuka. Kitenge kilichochapwa upande mmoja mgongo wake hufifia. Hilo si kosa, maana kuna pamba safi za kuchapwa upande mmoja zinazodumu miaka. Kosa ni kuuziwa poliesta kwa bei ya pamba.

Kipimo cha haraka ni maji. Dondosha tone moja kwenye mkunjo wa ndani. Pamba iliyokwisha kufuliwa hulinywa, poliesta huliacha limekaa juu. Kitambaa kipya chenye wanga kinaweza kukudanganya hapo, kwa hiyo kipimo cha hakika ni moto. Mwombe fundi kipande kutoka kwenye mabaki, chomoa nyuzi chache, uwashe kiberiti. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na huacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu cheusi. Fundi mwenye kuuza pamba hatakunyima kipande. Rangi nayo ina kipimo chake: leso nyeupe iliyoloweshwa kidogo, sugua mahali penye rangi nzito, hasa nyekundu na buluu ya giza. Alama hafifu si neno, lakini leso ikigeuka waridi, foronya hiyo itawapaka wageni wako.

Sasa mshono. Upana wa kidole gumba cha mtu mzima unakaribia inchi moja, na kidole hicho ndicho rula yako. Weka kidole juu ya mshono, hesabu mapigo ya sindano. Kwa kitenge na kanga, kumi hadi kumi na mawili ni sawa. Sita au saba ni mshono wa kushikiza tu, ambao fundi mwangalifu huutia kwa muda kisha akaufumua. Mwenzake mlipuaji huuacha ukawa ndio kazi yenyewe. Kuzidi kumi na matano nako si sifa, kwa sababu sindano imetoboa matundu mengi mno karibu karibu, na kitambaa kikivutwa kitachanika kwa kufuata mstari huo. Turubai na jinzi huruhusu mapigo machache zaidi, saba au nane, kwa kuwa uzi wake ni mnene.

Kisha tazama uzi wa chini, ule unaotoka kwenye bobini. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili zinazokumbatiana, na zinapaswa kukutana katikati ya unene wa kitambaa, zisionekane upande wa pili. Ukiona upande mmoja uzi umelala umenyooka tu, na ukiuvuta kwa kucha unatoka, mashine haikurekebishwa. Kamata vipande viwili vilivyoungwa, vivute kulia na kushoto. Ukiona nyuzi zimetanda kati yake na mwanga unapita, rudisha kitu mezani. Hakuna haja ya kuendelea kukikagua.

Ndani ya mshono kuna jambo jingine linalowagawa wajuzi: ukingo uliokatwa umehifadhiwaje? Kuna ovaloki, kuna mshono wa kufichwa, kuna utepe wa kufunika. Wengi wakiona ovaloki husema kazi ni ya kisasa, wakaridhika. Mimi huangalia kama kando ya ovaloki kuna mshono wa kawaida ulionyooka. Ovaloki yenye nyuzi tatu kazi yake ni kuzuia ukingo usichambuke. Kubeba mzigo si kazi yake, na mikoba mingi ya bei rahisi imeungwa kwa ovaloki peke yake. Likikatika pigo moja, yaliyobaki hufuatana.

Na hapa nitasema kitu ambacho vijana wenye mashine mpya hawakipendi. Fundi wa barazani, mwenye Singer nyeusi ya kukanyaga kwa mguu, hana ovaloki. Mashine yake inajua mshono mmoja tu, wa kunyooka. Kwa hiyo hulazimika kuukunja ukingo na kuuzika: anaunga vipande migongo ikiangaliana, anapunguza ukingo kwa mkasi, anapindua, kisha anashona mara ya pili ukingo ukiwa umefungwa ndani. Kwa mkoba usio na bitana sijaona njia bora kuliko hiyo. Ndani hapana uzi hata mmoja unaoning'inia, na kila upande umeshonwa mara mbili.

Turudi kwenye mkoba, kwa kuwa ndio wenye mengi. Vishikio kwanza. Kitambaa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda na urefu wa jora, na nyuzi za mshindio zinazokatiza. Mtande haunyumbuki kirahisi. Mshindio hunyumbuka zaidi. Na mkato wa mshazari ndio unaolegea kuliko yote. Kishikio kikatwe kufuata mtande. Fundi anayebana kitambaa hukikata popote palipobaki, na utalijua hilo ukikivuta kwa mikono miwili: kikirefuka, mkoba utakuwa unaburuza magotini mwako mwezi wa pili. Kishikio kizuri kina tabaka nne za kitambaa kilichokunjwa, au mbili zenye kitambaa kigumu katikati, na kimeshonwa kingo zote mbili, siyo ule mmoja wa kufungia tu.

Kisha mahali kishikio kinapoungana na mkoba. Kuchomekwa ndani ya pindo la juu na kupigwa mshono mmoja hakutoshi. Kishuke sentimita nne au tano chini ya mdomo, kishonwe mraba, na ndani ya mraba upite msalaba wa pembe kwa pembe. Mzigo hapo hugawanyika kwenye mistari sita badala ya mmoja. Nyuma ya mraba huo, upande wa ndani, fundi hodari hutia kipande cha ziada cha kitambaa. Hakionekani mpaka utie mkono. Nikikipapasa na kukikuta, huwa nimeshanunua.

Kitako nacho kina hoja zake. Mkoba unaweza kukatwa kwa kipande kimoja kirefu na kukunjwa chini, usiwe na mshono kitakoni. Ni imara, na haraka. Lakini kama kitenge kina picha zenye kichwa na miguu, ndege, samaki, taa, basi upande mmoja zitasimama na upande wa pili zitakuwa zimepinduka. Mwenye jicho hukata vipande viwili, akaviunga chini kwa mshono wa mara mbili, picha zikasimama pande zote. Kwa maua yasiyo na juu wala chini, kipande kimoja ni bora. Mkoba wenye jogoo aliyepinduka unaniambia aliyeukata hakutandaza kitambaa akakitazama kabla ya kushika mkasi.

Mkoba wenye bitana lazima uwe na mlango wake wa siri. Ulishonwa ukiwa ndani nje, ukapinduliwa kupitia tundu lililoachwa kwenye bitana, na tundu hilo likafungwa mwisho. Litafute. Likifungwa kwa mkono kwa mapigo madogo yasiyoonekana, au kwa mashine ukingoni kabisa, ni vyema. Likifungwa kwa mshono mnene uliopindapinda, ujue mengine pia yalifanywa kwa haraka hiyohiyo. Bitana yenyewe iwe ndogo kidogo kuliko nje. Ikiwa kubwa hurundikana chini, na kila ukitafuta funguo utazikosa kwenye mikunjo.

Foronya ya mto wa kochi ni kazi ya saa moja, na ndiyo ninayomshauri mtu aanze nayo akitaka kushona mwenyewe. Ile ya mdomo wa kupishana haihitaji zipu wala kifungo. Kwa mto wa sentimita 45 kwa 45, foronya iwe sentimita 43, kwa sababu mto unapaswa kuibana foronya ili ujae. Foronya iliyolingana na mto huonekana imechoka tangu siku ya kwanza. Kata kipande cha sentimita 46 kwa 104. Hesabu yake ni hii: sentimita 43 za mbele, 43 za nyuma, 12 za kupishana, na 6 za mapindo mawili, zile 3 zilizozidi kwenye upana ni za mishono ya juu na chini. Upana wa kitenge kwa kawaida huzidi sentimita 104 kidogo, kwa hiyo urefu wa kipande ulale kwenye upana wa kitenge, na mita moja itakupa foronya mbili. Ukikata hivyo, picha husimama vizuri mbele na nyuma, na mdomo unakuwa wima mgongoni. Lakini kifue kitambaa kabla ya kukikata. Pamba hurudi ikifuliwa, na foronya iliyokuwa sawa itakataa kuvishwa.

Ukiwa mnunuzi, pima kupishana kwa mdomo. Kukipungua sentimita kumi, mto utachungulia kila mtu akiuegemea. Foronya ya zipu ipimwe kwa kufungua na kufunga mara kadhaa mfululizo. Kichwa cha zipu kisiume kitambaa, na ncha zake zote mbili ziwe zimefungwa ndani ya mshono. Halafu tazama pembe. Ukishona pembe mraba kamili, mto hauifikii ncha, na pembe huchomoza tupu kama masikio ya mbuzi. Mjuzi huuingiza mshono ndani kidogo anapokaribia pembe, kisha hukata ncha ya ziada kwa mshazari kabla ya kupindua. Pembe iwe kali, isiwe kibonge cha kitambaa kilichosongamana, wala isiwe na tundu mahali mkasi ulipouma uzi.

Kwa foronya ya kanga kuna adabu ya ziada. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina. Anayeikata kama anakata shuka huacha nusu ya jina kwenye foronya moja na nusu kwenye nyingine, watu wakakaa wanasoma silabi. Ama jina liwepo lote, likisomeka likiwa limesimama, au lisiwepo kabisa. Hapo kwangu hakuna cha katikati. Na kama mto ni wa sufi, usikubali foronya iwe ndiyo nguo yake ya pekee. Nyuzi za sufi ni laini, hupenya na kuvuja. Ndani kunatakiwa mfuko wa marekani uliofumwa kwa karibu.

Aproni haina mengi. Tia mkono mfukoni, usukume chini kama unavyofanya ukifuta mikono, utazame pembe za juu za mfuko: ziwe na pembetatu ndogo ya mshono au uzi uliorudiwa mbele na nyuma. Kamba za kiuno ziwe ndefu za kuzunguka na kufungwa mbele, na ncha zake zikunjwe ndani, zisiachwe zinachambuka. Kamba ya shingoni isiyorekebishika ni uvivu.

Kitambaa cha kuepulia ndicho hudharauliwa kuliko vyote, na ndicho ningekikagua kwa ukali zaidi. Sufuria zetu nyingi hazina mikono. Zinaepuliwa kwa kukamatwa ukingoni, mchuzi ukichemka ndani na makaa yakiwaka chini. Poliesta huyeyuka karibu na nyuzi joto 260, na ukingo wa jiko la mkaa unaweza kupita hapo bila shida. Kikiyeyuka, kinanata kwenye ngozi. Kwa hiyo nje pamba, ndani pamba, na uzi wa kushonea ikiwezekana pamba. Kubali kilichojazwa vipande vya taulo kuukuu au blanketi la pamba. Kataa chenye sponji. Kibonyeze kati ya vidole: vidole visikutane kwa urahisi. Mishono ipite juu yake kwa mistari au kwa miraba, kushikilia tabaka zisikimbilie upande mmoja. Na kikiwa na maji usikitumie, hata kiwe kizuri vipi, kwa maana maji hupitisha moto upesi.

Pochi nitaipitia haraka: ncha za zipu zimefunikwa na kipande cha kitambaa, au zimeachwa zikakunjamana pembeni? Je, kuna gundi? Inuse. Pembe iliyobandikwa kwa gundi huachia kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa kabla ya mwaka kuisha.

Neno moja kuhusu maandishi ya kazi ya mikono, yanayobandikwa kwenye kila kitu katika maduka ya Mji Mkongwe na kwingineko penye watalii. Mshono uliopinda si ushahidi wa mkono. Kofia za viua hushonwa kwa sindano ya mkono, tundu moja baada ya jingine, na matundu hayo hulingana hata ukiyapima. Mkono uliozoea hunyoosha. Muuzaji akikwambia mstari umekwenda kombo kwa sababu si wa kiwandani, mrudishie kwa heshima.

Ukiamua kuagiza badala ya kununua, mpelekee fundi kitambaa kilichokwisha kufuliwa na kupigwa pasi, na kama ni foronya umpelekee na mto wenyewe, siyo vipimo vya kichwani. Mwambie kabla hajakata: kipi kisimame, jina likae wapi, vishikio vifuate mtande, miraba yenye msalaba, ndani pasiwe na ukingo uchi. Kisha ndipo muulizane bei, kwa kuwa kazi hiyo humchukua muda mrefu zaidi na ana haki ya kulipwa. Na kwa mkoba, msikilize atakuuliza nini. Akianza kukata vishikio bila kutaka kujua utabeba nini, chukua kitambaa chako utafute fundi mwingine.